"To" Hii Itanitoa Roho

Wenzangu hununa kwa mambo makubwa. Kuna anayenuna kwa bei ya sukari, kuna anayenuna kwa umeme kukatika mechi ikiwa dakika ya themanini na tano, na kuna jirani yangu mmoja ananuna tu, hana sababu ya kueleweka. Mimi kinachoniharibia siku ni kijineno cha Kiingereza chenye herufi mbili: "to". Hiyo hiyo unayoijua. Ni ndogo, na Mwingereza mwenyewe akiitamka anaimeza nusu. Lakini imeshapunguzia watoto wetu alama, imeshaharibu barua za kuomba kazi, na inawafanya watu wazima wenye heshima zao mjini waandike barua ya mistari mitano huku wanatokwa jasho.

Nieleweke vizuri. "To" ikiwa imekaa na kitenzi chake peke yao, sina ugomvi nayo. Vurugu inaanza pale mbele yake kinapojitokeza kiunganishi. Weka "and", weka "but", weka "than", "or", "before", "whether", halafu lete kitenzi. Hapo ndipo Kiingereza kinapoanza vituko vyake. Mara "to" inatakiwa, mara ikionekana ni kosa, mara unaachiwa uchague mwenyewe, na mara "to" inafukuzwa kabisa na nafasi yake inapewa "-ing". Ukiuliza kanuni unajibiwa "ndivyo tunavyosema". Ninyi kina nani? Na mlikaa lini mkakubaliana?

Sisi tuliosoma shule za serikali Tanzania tunajua balaa lilikoanzia. Unasoma msingi kwa Kiswahili, unajiona una akili, unafika kidato cha kwanza unaambiwa kuanzia leo baiolojia, jiografia na hesabu zote ni kwa ung'eng'e. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Vitabu vya kidato cha kwanza vikaendelea kuwa vya Kiingereza, na vibao milangoni pa ofisi za walimu vikaendelea kusomeka "No English, No Service". Nimekitazama sana kibao hicho utu uzima huu. Hakina kitenzi hata kimoja! Aliyekiandika alikuwa mjanja, alijua akiweka kitenzi tu itabidi aamue kama anaweka na "to" au haweki.

Somo lenyewe la "to" lilikuwa jepesi mno, na ndiyo maana likatuponza. Mwalimu alichora mstari katikati ya ubao. Kushoto: "to go", "to eat", "to sleep". Kulia: kwenda, kula, kulala. Tukanakili, tukapigiwa vema, tukaenda zetu mapumziko. Yaani penye "ku" weka "to". Basi mtoto mwenye akili timamu akitaka kusema "naweza kwenda" ataandika nini kama si "I can to go"? Kalamu nyekundu. "I must to eat"? Kalamu nyekundu. Kumbe wapo vitenzi wanaoichukia "to": can, must, may, shall, will. Ila "ought", ndugu yao wa tumbo moja, anaitaka. "Need" na "dare" ni vigeugeu, leo wanaitaka kesho hawaitaki. Halafu yupo "make". Ukimsubirisha mtu, anasema "they made me wait", hakuna "to". Geuza sentensi, huyo huyo aliyesubirishwa akae mbele: "I was made to wait". "To" hiyo imerudi. Maana yake anayetesa anaachiwa huru, anayeteswa anaongezewa neno la kubeba. Hayo si ya viunganishi, nimeyataja kwa uchungu tu.

Turudi kwenye kesi yenyewe. Mshtakiwa wa kwanza ni "but".

Kiswahili kina "ila", na "ila" haina maneno mengi. Hakufanya lolote ila kulia. Hakuwa na njia ila kulia. Kote ni "kulia", maisha yanaendelea. Mwingereza hiyo ya kwanza anasema "he did nothing but cry", "to" haipo. Ya pili anasema "he had no choice but to cry", "to" ipo. Mtu ni yuleyule, machozi ni yaleyale, leso ni ileile. Walimu wazuri watakueleza kwamba kitenzi "do" kikitangulia, "to" inaondoka. Ikitangulia nomino kama "choice" au "option", "to" inabaki. Haya, tumeshika. Kabla hujafunga daftari anaingia "he could not but cry". Hakuna "do", hakuna "choice", na "to" haipo vilevile. Na "he could not help but cry" naye yupo nyuma yake, hana "to". Sasa na mimi nafanyaje hapo? Nalia.

Huyo "but to" namjua kwa sura, kwa sababu makazi yake ni kwenye barua. Si barua za mapenzi. Barua ya ada kutoka shuleni inaanza vizuri sana: "Dear Parent". Inakushukuru kwa ushirikiano wako. Inakutakia heri ya muhula mpya. Inakueleza habari za sare na sherehe ya wazazi. Halafu aya ya mwisho kabisa, kabla ya muhuri: "the school will have no option but to send the pupil home". Mwenye nyumba naye ni hivyo hivyo. Miaka yote mnasalimiana "mambo vipi" na "kodi lini", hujawahi kumsikia akitamka Kiingereza hata cha kuombea maji. Siku akitaka kukutoa anakwenda pale stesheneri, anamlipa kijana wa kompyuta, anaandikiwa: "I will have no alternative but to". Kwa Kiswahili angekuja mwenyewe akasema "nitakutoa", tukabishana, nikamwita kaka, tukaelewana mpaka mwisho wa mwezi. Kwa Kiingereza mambo yanakuwa mazito, inaonekana kama naye hapendi, amelazimishwa na sarufi. Siku hizi nikifungua bahasha, macho yanakimbilia chini kuitafuta hiyo "but to". Ikiwepo, nakaa kwanza kwenye kiti ndipo naanza kusoma kutoka juu.

Mwenzake ni "failure to do so", wa kwenye matangazo ya ukutani. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, wao wanabandika "failure to which". Hapo "to" imeachwa kwenye mataa, haina kitenzi mbele wala nyuma. Wanaojua Kiingereza wanapiga kelele kwamba sahihi ni "failing which". Lakini sijamwona mtu aliyesoma tangazo hilo akashindwa kuelewa kwamba atalipa faini.

Mshtakiwa wa pili ni "than". Mimi kwa Kiswahili nasema afadhali kulala njaa kuliko kukopa, "ku" huku na "ku" kule, mizani imetulia. Nikitaka kuutema msimamo huo kwa Kiingereza naambiwa nichague mlango. Nikipitia "I would rather", nalala bila "to" na nakopa bila "to": "I would rather sleep hungry than borrow". Nikipitia "it is better", nalala na "to", na kwenye kukopa "to" ni hiari, ukiiweka sawa, ukiiacha nayo sawa. Nikianza na "rather than" mwanzoni mwa sentensi, naweza kusema "borrow", naweza kusema "borrowing". Halafu kuna ile ya "she knows better than to borrow", ambayo ukiitoa "to" sentensi inakufa hapo hapo, haifufuki. Kiunganishi ni kimoja na kitenzi ni kimoja, na bado nina njaa.

"Whether" na "if" ndio walionikatisha tamaa kabisa. Shuleni wote wawili tuliambiwa ni "kama". Sijui kama niende. Sasa, "I don't know whether to go" inaruhusiwa. "I don't know if to go" hairuhusiwi. Eti kwa sababu "whether" amejiunga na kundi la maneno ya kuuliza: how to go, when to go, where to go. "If" hakupewa kadi ya uanachama. Nikasema sawa, basi kundi la kuuliza lote linaichukua "to", tumalize. Kumbe "why" aliye mwenzao anakataa. "Why go?" anasema, kavu, bila "to". Na "when" naye, ukimtoa kwenye kujua na kuuliza ukamweka kwenye kueleza wakati, anageuka: "when going", siyo "when to go".

Kwenye "before" na "after" ndipo sisi watu wa Pwani na bara yake tunapojulikana mara moja. Kabla ya kula, "before to eat". Baada ya kula, "after to eat". Kosa! Ni "eating". Na "so that" ndiyo usiseme. "So as to" ruksa, "in order to" ruksa, "so that I may" ruksa, ila "so that to" ni jinai. Mpwa wangu aliandika barua ya kuomba kazi akaeleza kwamba anaomba "so that to improve my life". Mtoto alikuwa anafikiri kwa Kiswahili safi: naomba kazi ili kuboresha maisha yangu. Tukaisahihisha ikawa "so as to", tukaichapa upya, tukaipeleka kwenye bahasha ya kaki. Kazi akapata mtu mwingine, ambaye naye ni mpwa, ila si wangu.

Lakini yote hayo nimeyavumilia. Kilichonifanya nishike kalamu ni "and".

Binti yangu yuko darasa la tano, shule ya kulipia, ile ambayo watoto wanaimba wimbo wa wadudu kwa Kiingereza na wazazi tunapiga makofi bila kujua ni wadudu gani. Alikuja na daftari, sentensi yake moja imekatwa mara mbili kwa nyekundu. Aliandika: "I will try and finish my homework before to eat." Mkato wa kwanza kwenye "try and", mkato wa pili kwenye "before to", pembeni sifuri yenye macho mawili ndani yake na mdomo uliopinda kwenda chini.

"Baba," akaniambia, "la pili nimeelewa. La kwanza kosa langu nini? Kwenye katuni wanasema hivyo."

Nikamwita jirani, mwalimu mstaafu, mtu anayesahihisha hata vibao vya vinyozi. Alikuwa barazani kwake na gazeti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lete hilo daftari."

Akavaa miwani, akaliweka mbali, akalisogeza karibu, akasoma kwa sauti. "Hii 'before to' ni kosa."

Nikakubali.

"Na hii 'try and' ni kosa."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu ni 'try to'."

"Na kwa nini iwe 'try to'?"

"Kwa sababu 'try and' ni kosa."

"Mwalimu, hapo si tumerudi tulipotoka?"

"Kijana, Kiingereza ndivyo kilivyo."

Mimi na mvi zangu naitwa kijana. Mjadala ukimzidi mzee huyu huhamia kwenye umri, na kwenye umri hashindwi.

Nikaenda kuchimba. Na nilichokikuta ndicho kilichonipandisha presha. "Try and" imeandikwa na Waingereza wenyewe tangu karne ya 17. Jane Austen, mwandishi ambaye wanamweka mpaka kwenye noti ya pauni kumi, ameitumia. Mwaka 1926 Henry Watson Fowler alitoa kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, kitabu ambacho wasahihishaji wa London walikifungua kila walipobishana, na humo aliitetea "try and", akaiita msemo halali wa lugha usiostahili kukatwa. Mpaka leo Waingereza wakizungumza wanaitumia sana. Wamarekani ndio wanaopendelea zaidi "try to". Wamarekani hao hao, kwa taarifa yako, wanapenda kuiua "and" kabisa: Mwingereza anakwambia "go and see", Mmarekani anakwambia "go see", viunganishi vyote vimekufa na hakuna aliyefungua jalada polisi.

Tena "try and" ina masharti yake, si ya kila mtu kujiokotea. Inakubali pale tu "try" ikiwa tupu, haina nyongeza yoyote mkiani. "I will try and finish" sawa. "Try and finish" ukimwamrisha mtu, sawa. Lakini "she tries and finishes" haisemi tena kwamba anajaribu kumaliza, inasema anajaribu, kisha anamaliza, matendo mawili. "She tried and finished" nayo ni hivyo hivyo. Sasa mtazame binti yangu: ameanza na "will", "try" yake tupu, "finish" yake tupu. Mtoto wa darasa la tano kaingia kwenye tundu la sindano bila kugusa pembeni, na mtu kampa sifuri yenye mdomo uliopinda!

Nikarudi barazani na Fowler wangu.

"Huyo Fowler," jirani akauliza, "alikuwa mwalimu?"

"Alikuwa mwalimu, shule ya Sedbergh huko kaskazini mwa Uingereza, kuanzia 1882 mpaka 1899."

"Mbona aliacha?"

"Alitofautiana na mwalimu mkuu. Alikataa kuwaandaa wanafunzi kwa kipaimara."

Akakunja gazeti. "Unaona sasa? Mkorofi."

Na kesi ikafungwa.

Mimi sikuifunga. Nilitaka kujua hii "to" ilitoka wapi mpaka ikawa na kiburi hiki, na historia yake kwa kweli inachekesha. Hapo kale, kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, kitenzi cha Kiingereza kilikuwa na mkia wake kikajitosheleza. Kunywa ilikuwa "drincan", basi. "To" ilikuwa neno la kuonyesha mtu anaelekea wapi tu. Ukitaka kusema "kwa ajili ya kunywa" ndipo ulipoiita, nacho kitenzi kikavaa mkia mwingine kwa heshima yake: "to drincenne". Karne zikapita, watu wakawa wanaila mikia hiyo wakizungumza, mpaka kitenzi kikabaki uchi: "drink". Ukikitazama hujui ni kinywaji, ni amri, au ni kitendo. Ndipo "to" ikapandishwa cheo, kutoka kuonyesha njia hadi kuwa alama ya kitenzi. Cheo hicho hakikuandikiwa barua, kwa hiyo baadhi ya watu hawakukitambua. Can, shall na wenzao walishazoea kukaa na kitenzi kitupu, na hawakubadili tabia kwa ajili ya mgeni. Viunganishi navyo kila kimoja kilijiamulia kwa wakati wake. Hakuna kikao kilichofanyika. Huo ndio ukweli ambao mwalimu wangu wa kidato cha kwanza angetueleza badala ya kutuchorea mstari katikati ya ubao, tungemsamehe mengi.

Hata Shakespeare alijiendea anavyotaka. Mwaka 1600 au karibu na hapo alimsimamisha jukwaani mwana wa mfalme wa Denmark, akitafakari kama aendelee kuwepo duniani au la, na kila upande wa "or" akaweka "to" yake. Jirani yangu angeikata ile ya pili. Pembeni angeandika "unarudia".

Sasa kabla hamjanigeuzia kibao, nakiri kwamba nyumbani kwetu nako si shwari. "Ku" yetu ina mambo yake. Kwa Kiswahili ukisema "alikuja na kukaa na kula na kuondoka bila kuaga", kitenzi cha kwanza ndicho kilicholipa nauli ya wakati uliopita, hao wengine wote wamepanda bure na "ku" zao, na konda hasemi kitu. Ndiyo maana watoto wetu wanaandika "he came and to sit". Wanadhani na Kiingereza wanaopanda nyuma wanasamehewa. Tena kuna "kula" na wenzake wafupi: tunasema "anakula", hatusemi "anala", lakini ghafla tunasema "hula", "akila", "asile", na "ku" imeyeyuka. Wageni wanaokuja Unguja kujifunza Kiswahili wanatoka jasho hapo kuliko kwenye jua la Paje. Na ukitaka kumtuma mtu, humwambii "nenda na kulala", unamwambia "nenda kalale", kiunganishi hakitakiwi.

Na hiyo "ili" yetu, mama wa "so that to", nayo ina kesi. Jirani yangu anashikilia kwamba "ili" ifuatwe na kitenzi chenye "e": ili nipate, ili tuweze. Mimi redioni kila asubuhi nasikia "ili kuweza kufanikisha", "ili kuhakikisha", "ili kuweza kupata", mpaka ninajiuliza kama kuna mtangazaji anayeweza kufanya jambo lolote bila kwanza kuweza. Mzee akiisikia anazima redio. Kisha anaiwasha, maana habari za mpira zinakuja.

Ila tofauti ipo, na ndiyo inayoniuma. Mzungu akitua uwanja wa ndege akasema "mimi nala samaki", tunamkumbatia. Tunamwambia "hongera, Kiswahili chako kizuri sana!", tunampigia picha, tunamwongezea samaki. Hakuna aliyenyimwa kazi kwa "nala". Ila kijana wetu akisema "so that to" kwenye usaili, watu watatu upande wa pili wa meza wanatazamana, mmoja anaandika kitu kwenye karatasi, na wote watatu walizaliwa wilaya moja na yule kijana. Wanasahihisha "to" ya mtu aliyejifunza kwa mstari wa ubaoni, wakati wao wenyewe ukiwauliza kwa nini "whether to" inafaa na "if to" haifai, watakutajia muda wa chakula cha mchana.

Basi mimi naomba mambo machache tu. Walimu, "before to" na "so that to" zikateni, sina neno, hata Mwingereza angezikata. Ila mwambieni mtoto kwamba ni mazoea ya wenye lugha, msimtungie kanuni ambayo ukurasa unaofuata itavunjika. "Try and" iacheni ikae. Ikiwapa shida, mfungueni Fowler, hata kama alikuwa mkorofi. Ninyi wa usaili, mpeni kijana kazi kwanza, "to" atajifunzia kazini.

Na wenye nyumba wote mjini: barua ya kunitoa naomba iandikwe kwa Kiswahili. "Hama" inatosha.